Maneno Tuyapendayo

Kila mtu, msomaji wangu, ana maneno machache ayapendayo kuliko mengine yote. Hakuyatunga yeye. Aliyasikia kwa nyanya yake, au aliyasoma katika leso ya mama yake, au aliyaona yamepakwa rangi ubavuni mwa mashua. Akayaokota kama mtoto aokotavyo kijiwe kizuri ufukoni, akaenda nayo. Tangu siku hiyo huyatoa kila yanapofaa. Akichoka hujitia nguvu kwayo. Akifurahi huwachekesha wenzake kwayo. Na akikasirika huyatumia kama fimbo. Nataka kuzungumza nawe juu ya maneno ya namna hii, maana wewe nawe unayo, hata kama hujapata kuyahesabu. Swali langu ni hili: Je, maneno mema yaliyosemwa na wengine yaweza kumfanya mtu awe mwema, au yanampa tu namna nzuri ya kusema?

Mimi ni mwalimu, na makao yangu ni Kisumu, kando ya ziwa ambalo ramani huliita Victoria na Wajaluo huliita Nam Lolwe. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka 1901, na mahali penyewe wakati ule paliitwa Port Florence. Tangu hapo watu wa lugha nyingi wamekutana katika ufuko huu: Wajaluo, Waluhya, Wakisii, Wahindi, Waswahili wa pwani na wengineo. Kila mgeni alikuja na mizigo miwili. Mmoja ulikuwa wa nguo na vyombo, na huo umechakaa zamani. Wa pili ulikuwa wa methali, nao ungali mpya. Ukipita leo katika soko la Kibuye, au ukienda Dunga wakati wavuvi wanaposhusha samaki, utasoma maneno kabla hujasalimiwa na mtu. Yako katika mashua, katika matatu, nyuma ya pikipiki za abiria, juu ya milango ya maduka, na migongoni mwa akina mama.

Tuanze na leso, ambayo Watanzania huiita kanga. Nguo hii haikuwa na maandishi tangu mwanzo. Yalitiwa baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi tuzitumiazo sasa. Na kule Mombasa chapa ya K.H.E., Mali ya Abdulla, ikajulikana Afrika Mashariki nzima kwa leso zake. Mwanamke aliyesengenywa na jirani hana haja ya kugombana naye kisimani. Hununua leso yenye maneno yanayofaa, akaivaa, akapita taratibu mbele ya mlango wa jirani, kama mtu aendaye zake tu. Jirani husoma na kukasirika. Lakini atashtaki nini? Nguo haikumtaja mtu. Akilalamika ataulizwa, "Kwani hayo yanakuhusu?" Na akinyamaza, amekwisha kujibiwa. Lakini leso hiyo hiyo yaweza kuandikwa "Wema hauozi", nayo ikawa zawadi ya binti kwa mama yake. Nguo ni moja. Yaliyo tofauti ni makusudi ya mtoaji.

Tazama na ukuta wa duka dogo la mtaani. Mara nyingi utakuta tangazo lisemalo, "Mkopo leo hakuna, njoo kesho." Mteja mwenye matumaini akirudi kesho hukuta tangazo ni lile lile, na ile kesho yake imekwisha kuwa leo. Hucheka, hutoa fedha, hununua sukari yake. Usidhani kicheko hiki ni kitu kidogo. Mwenye duka ameepuka kumtazama jirani yake usoni na kumwambia, "Wewe hulipi." Tangazo humkatalia kila mtu sawasawa, wala halimwaibishi yeyote. Wazee waliosema "Kukopa harusi, kulipa matanga" nao walifanya vivyo hivyo: walichukua jambo liletalo ugomvi, wakalivika vazi la mzaha, ili tuweze kulitazama bila kupigana. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya maneno tuyapendayo. Hutupa njia ya kusema kweli iliyo chungu na kubaki marafiki.

Faida ya pili ni kutukumbusha. Mwandishi Mfaransa Michel de Montaigne, aliyezaliwa mwaka 1533 na kufa mwaka 1592, aliandikisha maneno ya wahenga wa Kigiriki na Kilatini katika boriti za dari ya maktaba yake, ili kila ainuapo macho ayasome. Bwana yule tajiri hakupata kuliona ziwa letu, wala dereva wa matatu aliyebandika msemo juu ya kioo chake hakupata kuisikia habari ya bwana yule. Lakini wote wawili walifikiri jambo moja, ya kuwa moyo wa mtu husahau, basi na ukumbushwe kwa macho. Hali kadhalika W. E. Taylor, mmisionari Mwingereza aliyekaa Mombasa, alipochapisha mwaka 1891 kitabu cha methali za Waswahili, alikusanya maneno yaliyokuwa yamekumbushana watu wa pwani kwa vizazi vingi.

Ya tatu ni kututia nguvu. Neno harambee lilikuwa mlio wa watu wavutao au wainuao kitu kizito pamoja. Mwaka 1963 Jomo Kenyatta alilifanya wito wa taifa, na sasa limo katika nembo ya Kenya. Neno moja tu! Lakini angalia vizuri, msomaji. Neno hilo peke yake halikujenga hata ukuta mmoja. Shule nyingi zilizoitwa shule za harambee zilijengwa na watu walioleta mawe, mchanga, kuku na sarafu zao. Neno liliwapa mwendo mmoja, kama ngoma impavyo mchezaji. Miguu ilikuwa yao. Aliyepaza sauti "Harambee!" na mikono yake imo mfukoni hakuinua kitu, ijapokuwa sauti yake ilikuwa kubwa kuliko za wote.

Kufikia hapa waweza kusema: basi yatosha mtu kujifunza methali nyingi na kuzifuata. Sivyo. Methali haziongozi kama reli iongozavyo gari. Mimi huwachezesha wanafunzi wangu mchezo mmoja wa kuwaonyesha jambo hili. Upande mmoja wa darasa hutoa methali, na upande wa pili hutafuta nyingine ya kuipinga. Wa kwanza husema, "Haraka haraka haina baraka." Wa pili hujibu, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Wa kwanza husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wa pili hujibu, "Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe." Wa kwanza husema, "Umoja ni nguvu." Wa pili hujibu, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama."

Siku moja mwanafunzi Mjaluo aliongeza methali ya kwao: "Jarikni jamuod nyoyo gi kuoyo," yaani mwenye haraka hutafuna nyoyo na mchanga. Mwenzake aliyekuja kutoka Mombasa alishtuka akauliza ni watu gani hao walao nyoyo za wenzao, tena kwa mchanga! Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa chumba cha pili akachungulia. Kumbe nyoyo katika Kijaluo ni mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja, nayo yakipakuliwa kwa pupa hayakosi mchanga. Tangu siku ile hapana mwanafunzi wa darasa lile aliyeisahau methali hiyo. Kicheko ni msumari. Jambo lililopigiliwa kwacho halidondoki upesi.

Mchezo ukiisha huwauliza, "Basi tumwamini nani?" Na jibu zuri nililopata kusikia lilitoka kwa mtoto wa mvuvi. Alisema, "Mwalimu, mashua moja huzitaka methali zote mbili. Makasia yawe mengi, maana umoja ni nguvu. Lakini usukani uwe mmoja, maana manahodha wengi huipeleka mrama." Sikuwa na la kuongeza. Methali ni kama vifaa katika sanduku la fundi. Nyundo haikosei wala msumeno haukosei; akosaye ni fundi atwaaye nyundo kukatia ubao.

Somo hili nilidhani nalijua, kwa kuwa nililifundisha. Lakini kufundisha jambo na kulijua ni mambo mawili, na sasa nitakueleza habari isiyonipa sifa.

Katika mwaka wangu wa pili wa kazi, nilipokuwa nimetoka chuo cha ualimu si zamani, nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili aliyechelewa kila siku. Alikuja nguo zake zikinuka samaki, akaketi nyuma, akasinzia. Nilimwonya mara mbili. Siku ya tatu aliingia nikiwa katikati ya somo, na somo lenyewe, kwa bahati mbaya, lilikuwa la methali. Nikaona nimepata mfano ulio hai. Nikamwambia mbele ya wote, kwa sauti ya mtu ajipendezaye, "Hamjambo, wanafunzi! Mtazameni huyu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu."

Darasa likacheka. Mimi nami nikatabasamu, maana niliona methali yangu imekaa mahali pake kama kifuniko na chungu.

Kijana alisimama. Hakukasirika, wala hakulia. Alisema kwa adabu, "Mwalimu, mama yangu alifariki nikiwa darasa la tatu. Ulimwengu unanifunza tangu siku hiyo, na leo kipindi chake cha kwanza kilianza saa kumi za alfajiri."

Wachache walicheka tena, kwa kuwa jibu lilikuwa na ucheshi. Kisha kicheko kikakatika katikati, kama kamba ya ndoo kisimani. Nilimwambia aketi. Nikageukia ubao nikaandika kitu, lakini hata leo siwezi kukumbuka nilichoandika.

Jumamosi ile nilikwenda katika kijiji chao cha wavuvi kabla ya jua kuchomoza. Labda hujui kazi ya omena, dagaa wa ziwa letu. Huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwanga huwavuta hata wakakusanyika, ndipo wavu huwazunguka. Mashua hurudi alfajiri, na akina mama hungoja ufukoni na ndoo zao. Aliyechelewa kununua hukosa, na aliyenunua hana budi kuwaanika mapema, ili jua lote la siku liwapate. Maana mvua ikiwakuta wabichi, faida yote imeoza. Nilimwona mwanafunzi wangu amebeba ndoo kutoka majini, anamwaga omena juu ya nyavu kuukuu zilizotandikwa chini, na nyanya yake, mwanamke mzee aliyepinda mgongo, anawatawanya kwa mkono mmoja na kuwafukuza ndege kwa mkono wa pili. Waliishi wao wawili tu. Karo yake ilitoka katika nyavu zile.

Nilimwamkia mama yule mzee, nikamweleza nilivyosema, nikaomba radhi kwake na kwa mjukuu wake. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kazi. Kisha akasema, "Mwanangu, keti kwanza ule." Tukaletewa ugali na omena. Niliona haya, maana mimi nilizoea kumsifu ngege na kusema omena ni chakula cha kuku na cha watu wasio na kitu. Lakini nilikuwa na njaa, na chakula kilikuwa kitamu, na ugali ukaisha wote. Mama yule akatazama sahani tupu, akacheka, akasema kwa Kijaluo, "Alot michayo ema tieko kuon." Maana yake ni kwamba mboga uidharauyo ndiyo imalizayo ugali. Hakusema zaidi. Hakuhitaji kusema zaidi.

Linganisha, msomaji, methali yangu na yake. Zote mbili zilikuwa methali za kweli, zilizothibitishwa na wazee. Yangu ilisemwa na mtu aliyesimama juu kwa mtu aliyesimama chini, tena mbele ya watu, na msemaji hakujua chochote katika maisha ya aliyeambiwa. Yake ilisemwa na mwenyeji kwa mgeni aliyemlisha. Nami nikaijua kosa langu ndani yake, nikacheka, nisifedheheke. Ile ya kwanza ilifunga mlango. Hii ya pili ilinipa mahali pa kuketi. Ndipo nilipofahamu kwamba methali haina wema wake peke yake. Huazima wema wa kinywa kinachoisema.

Najua utaniuliza: Je, mzee asimwonye kijana kwa methali? Wahenga hawakuwaonya watoto kwa maneno hayo hayo? Waliwaonya, na vema waliwaonya. Lakini kumbuka waliishi nao. Mzee wa zamani aliyesema "Asiyefunzwa na mamaye" alimjua mama huyo, aliijua nyumba yake, alijua kama walikula jana au walilala njaa. Neno lake fupi lilikuwa fupi kwa sababu ujuzi uliokuwa nyuma yake ulikuwa mrefu. Sisi twalichukua lile neno fupi na kuuacha ule ujuzi mrefu, kisha twashangaa kwamba watu wanaumia. Siku hizi msemo mmoja hutumwa kwa simu kwa watu mia kwa mara moja, na mtumaji hajui ni nani kati yao amefiwa, wala ni nani ana njaa. Hatari niliyoiingia mimi mbele ya wanafunzi arobaini, wewe waweza kuiingia kwa kidole kimoja.

Kwa hiyo nimejiwekea kanuni, nami nakupa uijaribu. Methali ya kuonya huianzia nafsi yangu. Methali ya kufariji huianzia mwenzangu. Nikisikia "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," sitazami kwanza ni nani darasani asiyetaka kuinama. Najiuliza mimi nimeinama wapi leo. Na nikisikia "Baada ya dhiki faraja," sijifunikii mimi peke yangu neno hilo kama blanketi. Natafuta ni nani aliye katika dhiki, nikamwambie, na kama naweza nimchukulie na ndoo moja. Ukifanya hivi utaona jambo la ajabu: utacheka zaidi, si kidogo. Maana mtu ajichekaye mwenyewe hakosi cha kuchekea siku yoyote, wala hamwumizi mtu.

Swali letu la mwanzo sasa laweza kujibiwa. Maneno mema ya wengine hayamfanyi mtu awe mwema, kama vile ramani isivyomfikisha msafiri. Lakini msafiri mwenye miguu na ramani ni afadhali kuliko mwenye miguu peke yake. Yachague maneno yako, yapende, yaandike katika daftari lako au ukutani juu ya kitanda chako. Ila kabla hujamrushia mtu, uliza kwanza alilala wapi na aliamka saa ngapi.

Mwisho wa mwaka ule niliwapa wanafunzi karatasi, kila mmoja aandike methali aipendayo tuzibandike ukutani. Nilipozikusanya nilikuta ya kijana yule miongoni mwa nyingine. Alikuwa ameandika kwa hati nzuri methali ile ile niliyompigia: "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Moyo wangu ulishtuka. Kisha nikaona chini yake, kwa herufi ndogo, ameongeza maneno matatu ya kwake mwenyewe: "na nyanya yake."

Niliibandika juu ya zote.